Ukurasa wa Eliakimu Katika Kitabu cha Halfani

Kila alipokuja mjini kutoka Mvumi, Eliakimu alipitia duka la vitabu nililokuwa nikilisimamia. Alinisalimia vizuri, akawaulizia watoto, halafu akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kilimo na mifugo. Hapo alisimama akiwa ameshika mikono nyuma, kama mzazi anayesoma matokeo ya mtihani kwenye ubao wa shule. Hakununua kitu. Alikuwa anatazama rundo la kitabu chake limepungua kiasi gani, na la Halfani limepungua kiasi gani. La kwake lilikuwa pale pale. La Halfani mara nyingi halikuwepo kabisa.

"Vya Halfani, yule Mrangi, vimekwisha tena?" aliniuliza siku moja.

Nikamwambia vimekwisha, na kwamba tumeagiza vingine.

"Watu siku hizi wanapenda vitu laini," akasema. "Hata ugali wanataka wa sembe."

Alikuwa bwana mifugo, na alikuwa bwana mifugo hodari. Sitaki mtu asome habari hizi akadhani namzungumzia mtu mvivu au mwongo. Hakupokea rushwa miaka ile ambayo wenzake wengi walipokea. Hakuuza dawa ya serikali chini ya meza. Hakulewa. Nimewafahamu watu wengi wanaodhani kwamba mtu akiepuka makosa hayo matatu basi amemaliza, wala hana haja ya kujichunguza zaidi. Eliakimu alikuwa mmoja wao, na wivu ulimpata kwenye mlango ambao hakuwa ameuwekea mlinzi.

Yeye na Halfani walisoma chuo kimoja cha mifugo wakachukua stashahada mwaka mmoja. Walilala chumba kimoja. Halfani, mtoto wa mkulima wa milimani Kondoa, aliamka alfajiri kuswali, naye Eliakimu, mtoto wa mwinjilisti wa Mvumi, aliamshwa na maji ya udhu akatumia nafasi hiyo kujisomea. Matokeo yalipotoka Eliakimu alikuwa wa kwanza, Halfani alikuwa katikati ya darasa, na hakuna aliyeshangaa. Walipendana. Halfani alimwita "Mgogo wangu" mbele za watu, naye aliitikia.

Kituo cha kwanza cha Eliakimu kilikuwa Chemba, wakati huo bado ni sehemu ya wilaya ya Kondoa. Huko alikuta jambo lililomnyima raha. Kila mwaka, mvua zikiwa karibu kuanza, mbuzi wazima kabisa walianguka na kufa, mara nyingi wakitoka kunywa maji. Wenyeji walisema ni maji. Wengine walisema ni jirani. Eliakimu aliwafuata mbuzi wale porini kwa miguu, msimu baada ya msimu, akitazama kila wanachokula, akipasua waliokufa na kuangalia matumbo yao. Mwishowe akaona. Kulikuwa na kichaka kifupi kilichotoa majani kabla ya mvua, wakati nchi nzima bado ni kahawia. Mbuzi mwenye njaa alikiona hicho tu. Alikula, akatembea, akanywa maji, akafa. Aliyezuiliwa maji na kuachwa atulie kivulini mara nyingine alipona.

Hiyo ndiyo kazi bora aliyoifanya maishani mwake. Baadaye alipoandika kitabu kinene chenye jalada la kijani, kazi ile aliiingiza humo. Kitabu kilizinduliwa mjini kwa soda na hotuba. Ofisi za serikali zilichukua nakala na kuziweka kabatini. Alimpa Halfani nakala moja mkononi, yenye sahihi, na nyingine alimpa mdogo wake wa kike, Elieth, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mvumi na mwenye mbuzi wake wachache, maana mshahara wa ualimu pekee ulikuwa hautoshi.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na serikali ikajitoa. Dawa ya bure ilikwisha. Majosho yalikauka, nyasi zikaota ndani. Wafanyakazi wakapunguzwa, na Halfani alikuwa miongoni mwao. Eliakimu alibaki. Alimwonea rafiki yake huruma kwa dhati. Nami naamini huruma ile ilikuwa tamu kwake, kwa sababu anayemhurumia mwenzake huwa amesimama juu kidogo.

Halfani hakukaa akilia. Alipanga kibanda karibu na soko la Majengo akauza dawa za mifugo. Wateja waliofika pale hawakufika na jina la ugonjwa hata siku moja. Walifika na maneno kama haya: mbuzi wangu ameacha kula. Naye aliwauliza: anatoa makamasi? Anaharisha? Anasimama peke yake, au yuko na wenzake? Mara nyingine aliwarudisha nyumbani bila kuwauzia chochote, wakamtazame mnyama kwanza. Kutokana na maswali yale aliandika kitabu chembamba alichokiita Mbuzi Ameacha Kula. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Usimpe dawa bado. Mtazame kwanza."

Kwa kuwa nilikuwa nyuma ya kaunta, niliona watu wanavyochagua. Mtu alikichukua kitabu cha kijani, akakipima mkononi, akakifungua katikati, akasoma mistari miwili midomo ikicheza, akakirudisha kwa adabu, kama mtu anayerudisha kiti cha mgeni rasmi. Kisha alichukua kile chembamba. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akageuza wa pili. Mtu akishageuza ukurasa wa pili akiwa amesimama, huyo ameshanunua. Wengine walisoma wakaanza kunisimulia mimi habari za mbuzi wao, ambao sijawahi kuwaona.

Eliakimu alikisoma chote siku ile ile kilipofika dukani, amesimama mbele ya rafu, alasiri nzima. Nilimpa kiti akakikataa. Aliposoma aliguna mara kadhaa. Magonjwa hayakupewa majina ya kitaalamu. Picha zilichorwa kama mtoto ndiye aliyechora. Hapakuwa na sura ya historia ya ufugaji. Halafu akafika penye ukurasa mmoja, akatulia. Alinisomea kwa sauti:

"Mvua zikikaribia, mbuzi wenye afya huweza kufa ghafla, hasa wakitoka kunywa maji. Nimeulizwa mara nyingi. Sijui sababu. Anayejua aniambie, nitaiandika hapa pamoja na jina lake."

Alicheka. "Ameandika kitabu ili atangaze asichokijua."

Kisha kicheko kikamtoka usoni. Alikuwa amekumbuka. Jibu la swali lile lilikuwa ndani ya kitabu chake mwenyewe, kile alichompa Halfani kwa mkono wake na kukitia sahihi. Rafiki yake hakuwa amekisoma.

Nikamwambia kibanda cha Halfani hakiko mbali, aende amwambie.

"Asome," akasema.

Akarudisha kitabu kwenye rafu, akakipanga vizuri pembe kwa pembe, akaondoka.

Neno lile moja ndilo kosa lake, na silipunguzi. Mtu anaweza kumwonea wivu mwenzake moyoni akabaki na siri yake na Mungu wake. Lakini yeye alikuwa na maarifa ambayo kwa kuyakosa watu walipoteza mbuzi wao kila mwaka, akayakalia ili mwenzake aaibike. Alikuwa akingojea. Mvua zikikaribia, mbuzi wakifa, watu wataona kwamba kitabu cha Halfani kina shimo. Alinieleza hivyo karibu kwa maneno hayo hayo, bila haya, kama mtu anayetetea elimu dhidi ya walaghai.

Katikati ya mwaka alinijia akiwa na uso mkunjufu. Alikuwa ametoka kumtembelea Elieth. Alikuta kitabu chake kimejalidiwa kwa karatasi ya kalenda, kimefungwa ndani ya kanga, kimewekwa kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ualimu. Cha Halfani kilikuwa kimechomekwa kwenye paa la zizi. Jalada lilikuwa limekwisha. Kurasa zilikuwa na madoa ya dawa na mavi ya mbuzi, na mmoja uliochanika ulikuwa umegandishwa kwa uji.

"Umeona mwenyewe," akaniambia, ingawa mimi sikuwa nimeona. "Changu kimetunzwa kama Biblia. Cha Halfani kinalala na mbuzi."

Nikamuuliza kama Biblia yake mwenyewe bado ina jalada. Aliniangalia kidogo, akauliza bei ya kalamu za risasi.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Uwele haukuzaa kitu cha kuweka ghalani, na ilipofika Novemba hapakuwa na jani la kijani Mvumi isipokuwa kule kilimani. Elieth aliwaelekeza mbuzi wake huko. Walirudi wameshiba, akafurahi. Wakapelekwa korongoni, kwenye visima vya mchangani, wakanywa. Wa kwanza alianguka palepale ukingoni akitetemeka. Wa pili alifika hatua chache. Elieth alikimbilia kile kitabu cha zizini, akapekua kurasa alizozizoea, akafika penye maneno "wakitoka kunywa maji", akasoma mpaka lile neno "sijui". Hapo akatuma mtu kwa baiskeli kumwita kaka yake.

Eliakimu alifika akakuta majirani wameshakuja na visu, maana mbuzi aliyekufa ghafla bila kuugua ni nyama. Aliwafukuza. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu walilishwa wapi, na alipoambiwa kilimani, akaamuru waliobaki wasipewe maji hata tone, wasikimbizwe, wasifungwe kamba, waachwe kivulini walipo. Alivyosema yote hayo kwa haraka, bila kufikiri, ndivyo alivyojifichua. Elieth alikuwa mwalimu. Alikuwa amezoea kumtambua mwanafunzi aliyekuwa na jibu tangu mwanzo.

Walipobaki wawili, alimwuliza.

"Kaka, jambo hili ulilijua?"

"Limo kitabuni. Nimekuandikia jina lako kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa kwanza."

Elieth aliingia ndani. Alifungua sanduku, akafungua kanga, akakileta kile kitabu cha kijani akamwekea mapajani.

"Nionyeshe ningefungua wapi."

Eliakimu akafungua penye yaliyomo. Akaonyesha sura ya kumi na moja, Sumu Zitokanazo na Mimea.

"Ningejuaje kwamba ni mmea?" akasema Elieth. "Mimi nilikuwa na mbuzi anatetemeka kisimani. Nitafute neno gani humu?"

Eliakimu alilamba kidole. Alianza kupekua. Hapo ndipo palipomuumiza, kama alivyonieleza baadaye: yeye mwenyewe, mwenye kitabu, aliupita ukurasa ule mara mbili kabla ya kuuona. Miaka yote ile ya Chemba, kwa miguu, miibani, ilikuwa imelala katikati ya aya ndefu, baada ya maelezo ya jamii za mimea, kwa mpangilio ule ule ambao mwalimu wa chuo aliwasomea darasani. Aliyekuwa anajua jina la ugonjwa angeupata haraka. Na aliyejua jina hakuwa na haja ya kitabu.

"Huyu aliniambia hajui," Elieth akaendelea, akimaanisha Halfani. "Na ndiyo sababu yale mengine namwamini. Akisema mpe hiki, nampa. Akisema hapa mwite mtaalamu, naita. Nimekuita wewe kwa sababu yake. Je, alikuwa hajui kweli, au alitaka kutudanganya?"

"Hajui."

"Na wewe ulijua kwamba hajui?"

Eliakimu alitazama mbuzi waliolala.

"Kaka, nimekuuliza."

"Nilijua. Tangu kitabu chake kilipotoka."

Elieth hakupiga kelele. Alikitwaa kitabu cha kijani, akakifunga tena ndani ya kanga, fundo kwa fundo, akakirudisha sandukuni. Kisha akatoka kukaa na mbuzi wake. Wengine walipona, wengine hawakupona. Kwa muda mrefu baada ya hapo alimsalimia kaka yake shikamoo tu, na hakuongeza neno la pili.

Jambo hilo ndilo lililompeleka Eliakimu Majengo. Sisemi kwamba alitubu. Nilikuwepo karibu, nami naandika nilichokiona. Alikwenda kwa sababu dada yake hakusema naye, na kwa sababu hakuvumilia kufikiri kwamba siku moja mtu mwingine, mtu yeyote, angempa Halfani jibu lile na jina la mtu huyo likaandikwa pale. Wivu ule ule uliomfunga mdomo ndio uliomfungua. Mungu hutumia hata vyombo vichafu, lakini havisafiki kwa sababu vimetumika.

Alipanga foleni nyuma ya wateja kama mtu asiyefahamika. Zamu yake ilipofika, Halfani akacheka.

"Mgogo wangu. Leo umekuja kununua, au kunisahihisha?"

Eliakimu alimpa karatasi aliyoiandika vizuri nyumbani. Halfani aliisoma mpaka mwisho, uso wake ukabadilika. Akauliza ameyajua lini haya. Eliakimu akamwambia yamo kwenye kile kitabu alichompa.

Halfani aliangalia chini ya kaunta, na mimi nadhani kitabu kile kilikuwa huko huko.

"Nilikisoma mpaka sura ya tatu," akasema. "Nilichoka, ndugu yangu. Nilidhani mimi ndiye mjinga, nikaona haya kukwambia."

"Ungenisoma mpaka mwisho, dada yangu asingezika mbuzi."

"Na wewe ungesema," akajibu Halfani, "asingezika pia."

Wateja waliokuwa nyuma walikuwa wamesogea wakisikiliza. Halfani aliwaomba wasubiri. Akamwingiza rafiki yake ndani ya kibanda, akakunja ile karatasi akaiweka kando, akamwambia hiyo ni lugha ya mtihani. Amweleze jambo lile kama angemweleza Elieth siku moja kabla ya mbuzi kwenda kilimani. Eliakimu alishindwa mara ya kwanza. Alianza na jamii za mimea. Halfani akamkatiza: mbuzi wangu yuko mlangoni, nifanye nini? Basi akaeleza, naye Halfani akaandika. Eliakimu aliweka sharti moja, kwamba jina lake liandikwe. Halfani akamwambia ahadi hiyo ilikuwa kitabuni tangu mwanzo, hakuwa na haja ya kuiomba.

Chapa ya pili ilitoka kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Ukurasa ule sasa ulianza hivi: "Soma hapa kabla ya mvua. Usingoje mbuzi afe." Ukaonyesha kichaka, ukaeleza la kufanya, na chini yake ukasema kwamba haya yametoka kwa Eliakimu wa Mvumi, aliyewafuata mbuzi kwa miguu huko Chemba mpaka akajua. Halfani aliongeza pia kwamba yapo mengine mawili ambayo bado hayajui, akayataja.

Kati ya vitabu vyote vya ufundi nilivyouza, sijaona ukurasa uliosomwa kama ule. Watu walikuja wakauliza "kile chenye kichaka". Elieth alinunua nakala mpya, akaichomeka kwenye paa la zizi. Siku ile alizungumza na kaka yake kama zamani.

Mnamo mwaka huo Eliakimu alikwenda mnadani Ihumwa kwa kazi. Alimkuta mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, amechuchumaa pembeni ya mbuzi wake, anamsomea mwenzake ukurasa ule kwa sauti. Mwenzake alisema aliyeandika kitabu hiki ni mtu wa maana sana, anajua shida za watu.

Eliakimu hakuweza kujizuia. Aliwaambia ukurasa huo ni wake.

Mzee aliinua miwani akamtazama kuanzia viatu.

"Wa kwako?" akasema. "Basi mbona hukuandika na hizo nyingine?"

Alinisimulia habari hiyo mwenyewe, dukani, akiwa bado amekasirika. Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu nililiona jambo la kusikitisha. Mtu alikuwa amefanya kazi ya haki kwa mikono yake, akaificha mahali ambapo hakuna mtu angeikuta, akamchukia aliyeacha mlango wazi. Hata sasa, baada ya yote, bado alikuwa anapima rundo na rundo.

Alipomaliza kusimulia alikwenda kwenye rafu ile, mikono nyuma. Vitabu vya kijani vilikuwa vile vile, na vumbi juu yake. Vya Halfani vilikuwa vimebaki viwili. Alichukua kimoja, akakifungua bila kutafuta, kikafunguka chenyewe penye ukurasa wake kwa jinsi watu walivyokishika hapo. Akasoma mstari wa mwisho, kuhakikisha jina lake bado lipo.

"Agiza vingine," akaniambia bila kugeuka. "Vingi kidogo."